Kiraka cha Siku Tisa

Kiraka hai kilishika kabla muuguzi hajavuta pumzi ya tatu. Kilikuwa chembamba kama utando wa kitunguu, na mkono wa mashine ulikitandaza juu ya mfuko wa uzazi uliopasuliwa dakika chache nyuma kumtoa mtoto. Kingo za jeraha zikasogeleana, zikakutana, zikatulia. Hapakuwa na sindano wala uzi. Katika mji wa Korogwe wa miaka hiyo, madaktari wengi vijana hawakuwahi kushona kitu.

Saumu Shemdoe alitazama akiwa nyuma ya kioo. Aliyelala mezani ni mdogo wake, Tatu, na kiraka kile kilikuwa kazi ya Saumu mwenyewe. Saumu aliingia maabara akiwa muosha vyombo. Alijifunza kwa kusoma karatasi zilizotupwa na wenzake, na baada ya miaka kumi na minne ndiye aliyeaminiwa kuchora maumbo ya protini.

Ndani ya kiraka waliishi bakteria wa kufugwa. Kila mmoja alikuwa na nywele mamia, na kwenye ncha ya kila unywele palikaa protini ambayo Saumu aliipa jina la mshikio. Ilikuwa na vipande viwili vilivyoegemeana. Kipande cha mbele kilikuwa na kishimo, na kishimo hicho kilidaka sukari iliyo juu ya seli za binadamu. Ndivyo bakteria alivyojibandika. Siku ya tisa chakula chao kingekwisha, wangekufa, mishikio ingelegea na kiraka kingeyeyuka. Kwenye visahani vya maabara kilikuwa kimeachia mara elfu nne bila kukosea.

Tatu alirudishwa hospitali siku ya ishirini na sita, ana homa, tumbo limekaza kama ngoma. Picha zilionyesha kwamba bakteria walikufa zamani, lakini nywele zao hazikuachia. Mfuko wa uzazi, kibofu na kipande cha utumbo vilikuwa vimeshikana donge moja. Daktari Mbelwa, mkuu wa maabara, aliagiza atiwe maji yenye sukari ileile, ili ijaze vishimo na kuing'oa mishikio. Siku mbili zikapita. Homa ikapanda. Mbelwa akasema ikifika kesho asubuhi bila nafuu, mfuko wa uzazi utatolewa. Tatu alikuwa na miaka ishirini na mbili, na huyo mtoto ndiye wa kwanza.

Saumu alipitia fomu zote. Je, mgonjwa alibeba mzigo? Hapana. Alifanya kazi? Hapana. Alipumzika? Ndiyo. Hakuona kosa.

Mchana mama yao, Bi Mwanamvua, alifika wodini na chupa ya maji ya moto na taulo zito. Alikuwa mkandaji. Nusu ya wazazi wa mtaa wao walikuwa wamepita mikononi mwake ndani ya arobaini zao.

Tatu alipoliona taulo akajaribu kutabasamu. "Mama, leo nihurumie. Juzi ulinikanda mpaka nikajiona unga wa chapati."

"Ungekuwa unga ungelainika," mama akamjibu. "Wewe umekuwa jiwe."

Saumu, aliyekuwa kando ya kitanda na fomu zake, aliinua kichwa. Hakuwahi kuingia chumba cha mzazi. Kwao, asiyezaa hutolewa nje mlango ukafungwa. Wenzake maabara walikuwa wanaume, na wasichana wasiozaa kama yeye; hakuna aliyejua kinachofanyika humo.

"Mama, ulianza kumkanda lini?"

"Siku ya tano, kama kawaida. Nilikwepa jeraha. Lakini kila siku namkuta amekaza zaidi, nami nazidisha."

Saumu alirudi maabara karibu anakimbia. Visahani vyote elfu nne vilikuwa vimekaa kimya mezani, bila kuguswa. Sasa aliweka kiraka kipya kwenye mtambo wa kukivuta pande mbili, akauwasha, akatazama umbo la protini kwenye kioo cha kompyuta. Vipande viwili viliachana. Kilipoachwa huru na mwenzake, kipande cha mbele kilijikunja na kishimo kikajifunga juu ya sukari yake, kama ngumi. Alivuta zaidi. Kikabana zaidi. Akaongeza maji ya sukari, lakini hayakupata pa kuingia. Hata alipouzima mtambo, kishimo hakikufunguka.

Asubuhi mfuko wa uzazi ukatolewa. Tatu alipona. Alipozinduka aliuliza kwanza kama mtoto amenyonya, kisha akageukia ukutani.

Mbelwa alikuwa ameandaa sentensi ya ripoti: mgonjwa alikandwa kinyume na maelekezo. Saumu alimuuliza, kwa upole, ni maelekezo yapi. Mbelwa akasema yataandikwa, na tangazo la kuwaonya wagonjwa wengine litasubiri bodi ikae wiki ijayo. Saumu aliifuta sentensi ile. Mahali pa chanzo akaandika kwamba hawakuuliza wala hawakupima, akaweka jina lake.

Alimkuta mama kwenye benchi la korido, mikono kaifunika kwa khanga.

"Ni mimi?"

"Umbo nililichora mimi, mama. Likivutwa ndipo linaposhika."

"Na mimi nikavuta."

"Ulivuta kama ulivyowavuta wote miaka yote. Sisi ndio tuliotengeneza kitu cha tumbo la mzazi bila kumuuliza mtu anayelishika tumbo hilo."

Bi Mwanamvua aliitoa mikono ndani ya khanga, akasimama. Hakulia, wala hakumlaumu mtu. Akasema, "Nina wengine sita wenye kiraka hicho. Nyumba zao nazijua. Twende."

Nyumba ya kwanza walikuta mama kijana kalala chali, anacheka na shoga zake, maji yanafuka kwenye beseni. Akamwambia Bi Mwanamvua kwamba kachelewa, ya moto yanapoa. Bi Mwanamvua alipiga magoti kando ya mkeka. Aliweka kiganja juu ya tumbo lile bila kubonyeza, akalikuta limeanza kukaza, kisha akageuza uso kumtazama Saumu.

"Mvalisheni," akawaambia wale wanawake. "Na mtoto mfungeni vizuri, tunakwenda naye hospitali."