Chai ya Viungo, Mali ya Bashir

Kila asubuhi Bashir Guled alianza kazi kwa pua. Alifungua gunia la iliki, akanusa. Alifungua la tangawizi kavu, akanusa. Kiungo kilichopoteza harufu hakikuuzwa dukani kwake. Watu wa Eldoret walilijua duka hilo kwa harufu tu, kwa sababu juu ya mlango hapakuwa na jina.

Zamani jina lilikuwapo. Liliteketea pamoja na duka la kwanza Januari 2008, katika machafuko ya baada ya uchaguzi. Yalipona magunia sita tu. Rafiki yake Wepukhulu, seremala wa mtaa wa Huruma, aliyakokota hadi karakana yake na kuandika mlangoni kwa chaki: MALI YA WEPUKHULU. Waliokuja na viberiti walisoma, wakapita.

Tangu hapo Bashir alishika desturi moja. Kila kitu cha maana alikiandikisha kwa jina la Wepukhulu: sanduku la posta, pikapu, hata laini ya simu.

"Siku moja na mimi utaniandikisha kwake," mkewe Halima alimwambia.

"Wewe atakurudisha siku ya pili," Bashir alijibu.

Mwishoni mwa 2012, uchaguzi mwingine ulipokaribia, Bashir alisikia kwamba watu wananunua majina ya intaneti. Jina kama hilo ni anwani. Mtu akiliandika kwenye kompyuta, linampeleka moja kwa moja kwako. Wenye kazi hiyo huliita domeni. Ukishalisajili, hakuna mwingine anayeweza kusajili lile lile. Alisikia pia kwamba majina mafupi ya Kiingereza yalichukuliwa kitambo, lakini kwa herufi za Kiarabu mazuri yalikuwa bado yapo.

Bashir aliacha shule darasa la nne. Lakini madrasa alimaliza. Aliingia saiba ya kwanza aliyoiona, yaani duka la kompyuta na intaneti, akachapa mwenyewe, kutoka kulia kwenda kushoto, maneno ya Kiarabu yenye maana ya chai ya viungo. Jina lilikuwa halijachukuliwa! Akalilipia miaka miwili. Mhudumu akaweka humo ukurasa mmoja wenye namba ya simu ya duka.

"Mwenye jina tuandike nani?" mhudumu aliuliza.

"Wepukhulu," Bashir alijibu bila kufikiri, na mhudumu akamfungulia Wepukhulu anwani ya barua pepe.

Hapo ndipo alipokosea.

Miaka miwili ilikaribia kwisha. Jumatano moja simu ililia dukani. Alikuwa mfanyabiashara wa chai kutoka Dubai. Alilitaka lile jina, na alikuwa tayari kulinunua. Bashir alikimbia kwa Selpha, mwenye saiba ya jirani. Selpha alitafuta kwenye kompyuta, kisha akatikisa kichwa.

"Mzee Bashir, jina hili si lako."

"Nililipa kwa mkono huu!"

"Mkono haukuandikwa. Aliyeandikwa ni Wepukhulu. Tena muda wake unaisha Ijumaa. Lisipolipiwa, kuna siku chache za kungojewa, halafu linaachiliwa. Yeyote atalichukua."

"Mbona hawakuniambia?"

"Wanamwambia mwenye jina. Barua pepe zinaenda kwake."

Bashir alikuwa amepoteza jina moja kwa moto. Hili la pili angelipoteza kwa mkono wake mwenyewe.

Walimkuta Wepukhulu akipiga randa ubao wa kitanda.

"Bwana Wepukhulu, una mali inayotafutwa Dubai," Selpha alisema.

"Mimi? Basi mbona nakunywa chai bila maziwa?"

Walipomweleza, alicheka hadi akakaa chini. "Jina la Kiarabu? Hata kulisoma siwezi! Na hiyo barua pepe mlinifungulia niandikiane na nani? Na misumari?"

"Nilikupa karatasi yenye nywila, yaani neno la siri la kuifungua," Bashir alisema. "Iko wapi?"

"Karatasi hupotea. Niliinakili ukutani."

Ukuta wote ulikuwa umejaa maandishi ya penseli: vipimo vya vitanda, milango na makabati ya miaka sita. Selpha alifungua kompyuta yake ndogo. Alijaribu namba ya kwanza iliyofanana na nywila. Ikakataa.

"Pole, huo ni mlango wa Mama Leonida," Wepukhulu alisema.

Ya pili ikakataa. Bashir alianza kumwomba Mungu kimya kimya. Ya tatu, iliyokuwa nyuma ya msumeno, ikafungua. Mle ndani barua tatu za onyo zilikuwa zimelala bila kusomwa.

Walililipia jina pale pale. Kisha Wepukhulu alikubali liandikwe kwa Bashir. Safari hii hakucheka.

"Ile chaki ilikuwa ya kuzuia moto, rafiki yangu. Moto ulizimika. Ifute."

Bashir akaandika jina lake lote, barua pepe yake na simu yake.

"Sasa nitanunua majina ya makampuni makubwa, niwauzie wenyewe!" alisema.

"Thubutu," Selpha alimkata. "Hayo yana wenyewe. Utanyang'anywa, pengine ushtakiwe. Nunua maneno ya kawaida, machache, ya lugha unayoijua. Mengine yatakaa miaka bila mnunuzi, kwa hiyo usiweke karo ya watoto humo. Tarehe ya kulipia iandike kwenye kalenda. Nywila usimpe mtu. Na huyu wa Dubai, tupitie kwa wakala anayeaminika, ashike pesa mpaka jina lihamishwe."

Walifanya hivyo. Mwezi uliofuata jina likaenda Dubai, na malipo yakaingia kwa Bashir Guled, mwenyewe. Aliongeza chumba cha pili dukani. Kisha akamwagiza Wepukhulu kibao cha mbao ya msaji.

Siku ya kukipigilia, Bashir alisimama barabarani, kifua mbele, watu wakimpisha. Juu ya mlango palikuwa na maneno BASHIR NA HALIMA, na chini yake maneno yale yale kwa herufi za Kiarabu. Wepukhulu alikuwa amezichonga bila kuzijua, moja baada ya nyingine, bila kosa.

Halima alisoma kutoka kushoto. Akasoma tena kutoka kulia.

"Kumbe hukuniandikisha kwa Wepukhulu," alisema.