Sanamu ya Bi. Kanta

Sanamu ya Krishna, mungu wa Kihindu, iliibwa asubuhi ya mvua, nyumbani kwa Mzee Vrajlal, muuza vitambaa wa Tukuyu.

Inspekta Tulinagwe alipofika, msaidizi wake, Koplo Hosea, alikuwa amekwisha kuzungusha utepe kwenye eneo la tukio. Nyumba ilikuwa nyuma ya duka. Katika chumba cha mgonjwa kulikuwa na meza ndogo ya ibada iliyotandikwa kitambaa chekundu. Juu yake palikuwa na taa ya mafuta, kengele ya fedha na sahani ya fedha. Katikati palikuwa patupu.

Bi. Kanta, mke wa Vrajlal, alikuwa amelala kitandani akipatazama pale patupu. Kiharusi kilikuwa kimemlemaza upande mmoja, na sasa figo nazo zilikuwa zimeshindwa kazi. Madaktari walikuwa wamemruhusu arudi nyumbani, na kila mtu alijua maana yake.

Alizungumza kwa shida, lakini alitaka kuzungumza. Alimweleza Inspekta kwamba ile haikuwa sanamu ya dukani. Mumewe aliifuata Vrindavan, mji wa hija huko India, mahali Krishna alipokulia. Alipita kichochoro baada ya kichochoro akikataa vitu vya kiwandani, mpaka akampata mchongaji mzee ambaye hakushika patasi kabla ya kusali. Mti wenyewe ulikuwa msandali, wenye harufu nzuri. Bi. Kanta alikuwa amemsimulia habari hiyo kila aliyekuja kumjulia hali, na aliisimulia kana kwamba naye alikuwapo.

"Niletee kabla sijaondoka, binti yangu," alisema.

Inspekta aliushika mkono wake, lakini hakuahidi.

Mzee Vrajlal aliandikisha maelezo yake akiwa amesimama. Alisema aliamka akakuta dirisha la chumba cha mgonjwa limevunjwa na sanamu haipo, na kwamba mkewe, aliyekuwa amepewa dawa ya usingizi, hakusikia kitu. Alipoulizwa nani mwingine alikuwa na ufunguo wa geti, alijibu kwamba ni Andrea, mlinzi. Hakusema Andrea ameiba. Haikuhitajika. Majirani walimkamata Andrea nyumbani kwao Kawetele, na gari la polisi lilipofika alikuwa amepasuliwa mdomo.

"Alfajiri ulikuwa wapi?" Inspekta alimuuliza kituoni.

"Getini, afande."

"Umeonekana ukiondoka, Andrea."

Aliinamisha kichwa. "Nilikwenda nyumbani. Mtoto wa dada yangu alifariki."

"Mbona hukuaga?"

"Mzee ana mgonjwa ndani. Sikutaka kumwongezea msiba."

"Na sanamu?"

"Mimi mtu wa Kanisa la Moravian, afande. Ningeipeleka wapi?"

Hosea alikwenda Kawetele akakuta kweli kuna msiba. Lakini alisema mtu anaweza kuiba na bado akaenda msibani. Alama za vidole zilizopatikana zilikuwa za watu wa nyumbani tu. Andrea alilala mahabusu. Kesho yake walimzika mtoto yule bila yeye.

Siku hiyohiyo ya maziko Inspekta alirudi kwa Vrajlal peke yake. Mvua ilikuwa imekatika. Alizunguka nyuma ya nyumba na kuchuchumaa chini ya dirisha. Karibu vioo vyote vilikuwa vimeangukia nje, kwenye majani. Aliyevunja alikuwa ndani.

Akaingia chumbani, akaitazama upya ile meza. Mwizi alikuwa ameacha fedha. Tena alikuwa ameivua sanamu nguo zake, shati dogo la hariri na shali ambavyo Bi. Kanta aliivalisha kila asubuhi kwa mkono wake mzima. Nguo zilikuwa zimekunjwa vizuri na kuwekwa kando ya taa.

Aliyemuuguza Bi. Kanta ni Lusungu, mtumishi wao wa siku nyingi, mama wa makamo kutoka Kinyala. Inspekta alimuuliza kama ndiye aliyekunja zile nguo. Lusungu alikataa, alizikuta hivyo alipofika asubuhi na hakuzigusa. Inspekta akampa leso yake akamwomba aikunje. Lusungu aliikunja mara mbili, akamrudishia. Ile shali ilikunjwa vingine, pindo limefichwa ndani na kingo zimelingana kama zimepigwa rula.

Akipita dukani kutoka nje, Inspekta alisimama. Kwenye rafu, vipande vyote vya vitambaa vilikunjwa hivyohivyo.

Alimwita Lusungu uani, akamuuliza kama kuna jambo lilitokea kabla ya wizi. Lusungu alifikiri. Alisema kuhani wao alitarajiwa kutoka Mbeya kuja kumwombea mama. Kuhani huyo alizaliwa Vrindavan. Mama alifurahi mno, alitaka kumwonyesha sanamu na kumuuliza kama anamfahamu yule mchongaji.

"Na mzee?"

"Mzee aliposikia, hakula," alisema Lusungu. Kisha akajishika mdomo.

Hati ya upekuzi ilipatikana asubuhi iliyofuata. Hosea alipapasa majora ya vitambaa moja moja. Jora la satini ya bluu lilikuwa limevimba kupita kiasi. Walilikunjua juu ya kaunta, na Krishna akatokea na filimbi yake. Inspekta aliigeuza. Mshono wa kalibu ya kiwandani ulipanda kutoka unyayoni hadi utosini, na chini palikuwa na namba iliyopigwa na mashine. Ilikuwa plastiki, imepakwa rangi ya mti na kunyunyiziwa manukato.

Vrajlal hakubisha. Aliomba tu wasipitie chumbani. Alimwambia Lusungu akae na mama, atarudi upesi.

Kituoni, kabla ya jambo lingine, Inspekta alifungua mahabusu, akamweleza Andrea ukweli na kumwomba radhi. Andrea aliuliza kama wamekwisha kumzika mtoto. Alipoambiwa ndiyo, alichukua koti lake akaondoka.

Vrajlal alionywa kisheria, kisha akaketi.

"Mchongaji ulimtunga?" Inspekta aliuliza.

"Hapana. Yupo. Nilipita vichochoro vile kweli. Kila muuzaji aliapa kwamba mali yake ni ya mikono, nami nikazidi kwenda mpaka nikampata. Kila asubuhi nilikaa naye akichonga. Alikuwa amefika mabegani mwa sanamu Lusungu aliponipigia simu kwamba Kanta ameanguka." Aliinyooshea kidole sanamu iliyokuwa mezani. "Sikuweza kusubiri. Hii niliinunua stesheni, treni ikiingia."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilimkuta hawezi kusema. Nikamwekea hii mkononi, akalia. Neno la kwanza kulitamka lilikuwa Krishna. Baadaye akaanza kuuliza, mchongaji yukoje, nyumba yake ikoje, alisema nini. Nikamweleza. Yote yalikuwa kweli, isipokuwa sanamu. Kuhani angeishika mara moja tu akajua, na angemwambia. Nilitaka afe akiamini."

"Na Andrea?"

"Nilidhani mtamwachia siku ileile."

"Amekosa maziko ya mtoto wa dada yake. Alitoka bila kukuaga kwa sababu hakutaka kukuongezea msiba."

Vrajlal alifunika uso kwa viganja. Inspekta alimweleza kwamba atashtakiwa kwa kutoa taarifa ya uongo polisi, na kwamba baada ya kutia saini maelezo yake atapewa dhamana. Mzee alisema anaelewa. Alisema akifika nyumbani atamwambia Kanta mwenyewe, na kwamba angepaswa kumwambia zamani.

Alikuwa ameshika kalamu Hosea alipoingia bila kubisha hodi, simu mkononi. Inspekta alimtazama, akaelewa. Alizunguka meza, akavuta kiti karibu na mzee, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Bi. Kanta amefariki.

Mzee aliiweka kalamu mezani polepole.

"Aliulizia sanamu?" alimuuliza Hosea.

"Hapana, mzee," alisema Hosea. "Lusungu anasema alikuulizia wewe."