Shilingi Kumi za Sufuria ya Umoja

Kila jioni, kama saa kumi na moja hivi, jua la mtaa wa Umoja huingia kwenye dirisha la jikoni la akina Kavinya na kukaa juu ya meza kwa nusu saa tu. Halafu huenda zake nyuma ya ghorofa ya jirani. Ndiyo maana Kavinya, msichana wa miaka kumi na mitatu, hakupiga soga njiani akitoka shuleni. Alifika, akavua sare, akafua soksi na kuzianika, akanywa maji bilauri moja, kisha akatandika kitambaa cha kijani mezani na kuweka sufuria katikati.

Siku hiyo ilikuwa sufuria ya ndengu za nazi. Rafiki yake Nafula, anayeishi ghorofa ya pili, alisimama kando ya dirisha ameshika kioo chenye fremu nyekundu. Kilikuwa kioo ambacho mama yake hujitazamia kabla ya kwenda kanisani. Nafula alikielekeza juani ili mwanga urudi ndani ya sufuria na ndengu zisitokee nyeusi kwenye picha.

"Inua kidogo," Kavinya alisema, simu mkononi. "Hapo hapo! Usipumue."

"Nisipopumua nitaanguka ndani ya ndengu zako," Nafula akajibu, na kioo kikatikisika kwa kicheko.

Picha hizo zilikuwa za blogu ya Kavinya iliyoitwa Sufuria ya Umoja. Kwa kuwa yeye ni mtoto, ilifunguliwa kwa jina la mama yake, naye mama alisoma kila kitu kabla hakijatoka. Kavinya aliandika mapishi ya nyumbani kwao: muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa, sukuma wiki kwa dagaa wa omena, chapati za maji. Watu waliyapenda. Abdimajid, muuza sufuria wa Pumwani, alikuwa akilipa shilingi elfu tatu kwa mwezi ili picha ya sufuria zake iwekwe pembeni mwa ukurasa. Pia kulikuwa na kampuni ya matangazo ya mtandaoni, ambayo ilihesabu wasomaji na kuonyesha kwenye simu ni pesa ngapi zimepatikana.

Sasa, Kavinya alikuwa ameona wenye blogu wengine wakiandika taarifa ya mapato yao kila mwisho wa mwezi. Naye Juni ilipoisha akaandika yake. Abdimajid, 3,000. Matangazo, 3,200. Jumla, 6,200. Alipofika kwenye matumizi alifikiri kidogo, akajiuliza ni nini alicholipa yeye mwenyewe kwa mkono wake. Hakukumbuka chochote. Akaandika: sifuri. Mama yake alikuwa amechoka kutoka kazini siku hiyo. Alipitisha macho tu, akasema, "Sawa, ni hesabu zako."

Taarifa hiyo ilisomwa kuliko mapishi yote. Kesho yake shuleni wavulana walimngoja langoni.

"Niaje, bosi! Utatununulia soseji za smokie lini?"

"Elfu sita na mia mbili, na bado unakopa kalamu!"

Kavinya alijifanya kukasirika, lakini moyoni alikuwa ameketi kwenye kiti cha enzi.

Siku ya Alhamisi, Nafula alikuja na kioo chake mapema, na uso wake ulikuwa unang'aa kuliko hicho kioo.

"Kavinya, nitakuambia kitu, usipige kelele. Jumapili ni zamu ya mama kupokea pesa za chama chao cha kuchangiana. Shilingi elfu ishirini! Ataninunulia kompyuta, moja iliyotumika lakini nzima. Nami nianze blogu yangu."

"Na cherehani?" Kavinya akauliza.

Kila mtu katika jengo lile alijua habari za cherehani. Mama Nafula alikuwa akifanya kibarua katika kiwanda cha Industrial Area. Asubuhi alisimama langoni na wenzake, na siku nyingine msimamizi alichagua wengine, yeye akarudi nyumbani kwa miguu bila kitu. Alikuwa amewekea cherehani arubuni ya shilingi elfu nne kwa fundi Luseno, ili aanze kushona sare za shule. Luseno alikubali kumwekea hadi Jumatatu tu.

"Ataiachilia," Nafula alisema. "Amesema kushona sare hakuwezi kumpa elfu sita kwa mwezi bila gharama yoyote. Alisoma taarifa yako mara tatu. Aliniambia, 'Kama Kavinya hatumii hata ndururu, sisi tunangoja nini?'"

Picha za siku hiyo hazikutoka vizuri. Kosa halikuwa la kioo.

Alijua jambo moja ambalo hakuwa ameliandika. Zile 3,200 za matangazo zilikuwa namba kwenye simu tu. Kampuni ile haitumi pesa mpaka zifike kama shilingi elfu kumi na tatu. Ilibaki miezi kadhaa kufika huko.

Baada ya chakula alimfuata nyanya yake, Nyanya Kaluki, aliyekuwa mezani na miwani yake iliyofungwa kwa uzi mweusi. Nyanya ndiye mweka hazina wa chama. Alikuwa akipiga mistari kwenye daftari kwa kutumia ubao wa kukatia mboga, kwa sababu rula ilikuwa imepotea tangu Pasaka.

"Nyanya, nikifuta kitu kwenye blogu, si kimekwisha?"

Nyanya hakuinua kichwa. "Kwenye simu kimekwisha. Kwa aliyekwisha kukisoma utafutia nini?"

Hapo Kavinya akasema yote, kuanzia kompyuta hadi Luseno. Nyanya alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza hata mara moja. Kisha akafungua daftari la chama na kulisukuma kwake.

"Angalia. Ukurasa huu ni wa pesa zilizoingia. Huu ni wa zilizotoka. Na huu wa tatu?"

Kavinya akasoma. "'Vya bure. Maziwa ya chai, pakiti mbili, Mama Nafula, shilingi 120. Viti sita vya kuazima, Sahro wa dukani, shilingi 60.' Lakini Nyanya, kama ni vya bure, mbona vina bei?"

"Zamani hatukuviandika. Mama mmoja aliyeitwa Nabiswa alitupa nyumba yake na chai kwa miaka miwili. Kila Desemba tuligawana faida, tukajipongeza kwamba tunajua kutunza pesa. Siku alipohamia Kitale tulianza kununua chai wenyewe. Faida ikapotea yote. Kumbe tulikuwa tukigawana maziwa ya Nabiswa! Hata asante hatukumwambia vizuri. Tangu siku hiyo, kitu akikupa mtu, unaandika jina lake na bei yake. Haya, lete yako."

Wakaanza pole pole. Mama alinunua bando la intaneti la shilingi arobaini kila siku kwa siku thelathini: 1,200. Jina la blogu na nafasi yake mtandaoni, baba alilipia shilingi elfu sita kwa mwaka mzima.

"Gawanya kwa miezi kumi na miwili," Nyanya akasema.

"Mia tano."

"Andika. Sasa chakula. Kile tulichokula usiku ni cha nyumba, hicho usikiguse. Lakini zile chapati ulizopika mara ya pili kwa sababu za kwanza zilikuwa na ramani ya Afrika?"

Kavinya akacheka kidogo. Chapati hizo, nazi mbili za picha, mayai na nyama robo vilifika 860. Mtungi wa gesi uliisha wiki moja kabla ya siku zake, hiyo ni 350. Stima ya kuchaji simu na ya taa, 100. Akajumlisha, akarudia, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu.

"Elfu tatu na kumi," alisema kwa sauti ndogo. "Na zilizoingia mkononi ni elfu tatu. Nyanya, nimepata hasara ya shilingi kumi!"

"Si hasara ya kulilia. Duka changa huanza hivyo. Lakini hujamaliza. Nani anashika kioo?"

Picha kumi na mbili mwezi ule, na kila mara Nafula alisimama pale dirishani mpaka mkono ukafa ganzi. Aliandika jina lake polepole, lakini kwenye nafasi ya bei hakujua aweke nini. Akaiacha wazi.

"Jumapili utasoma wewe," Nyanya akasema. "Kabla sijahesabu pesa za Mama Nafula."

"Mbele ya wamama wote? Nyanya, si nimwambie yeye peke yake?"

"Ulimwambia peke yake ulipoandika?"

Jumapili saa tisa, wanachama kumi walijaa kwenye chumba cha Mama Nafula, wengine kitandani, wengine juu ya mitungi ya maji iliyolazwa. Chai ilinukia tangawizi. Mama Nafula alikuwa amevaa kitambaa cha kanisani na hakuweza kuficha furaha yake. Nafula alikaa mlangoni, na alipomwona Kavinya akamkonyeza.

Nyanya Kaluki alisoma hesabu za chama kama kawaida, kurasa zote tatu. Kisha akasema, "Kabla ya pesa kutoka, huyu mtoto ana hesabu yake."

Kavinya alisimama. Alisoma kila mstari bila kuruka hata mmoja: bando, mama, nafasi ya mtandaoni, baba, gesi, chapati zilizopikwa mara mbili. Alieleza pesa za matangazo zilivyo mbali. Mwisho akasema, "Jumla niliyowaandikia haikuwa ya kweli, Anti. Blogu yangu mwezi wa sita ilipata hasara ya shilingi kumi. Naomba msamaha."

Mama Nafula aliweka kikombe chini.

"Unajua nimekuwa nikiamka saa ngapi kwenda kusimama langoni kule?" aliuliza taratibu.

"Saa kumi na moja, Anti."

"Na kesho ningemwambia Luseno auzie mtu mwingine. Arubuni yangu ikae kwake, nami nirudi langoni. Ungechelewa siku moja tu, mtoto!" Akapangusa shingo kwa kitambaa. Halafu midomo yake ikacheza. "Shilingi kumi? Wavulana wa mtaa huu wanakuita bosi kwa hasara ya shilingi kumi?"

Wamama wakaangua kicheko, na hata Kavinya akapumua. Nyanya akahesabu noti za shilingi elfu ishirini, na kabla chai haijapoa Mama Nafula alikuwa amempigia Luseno: asubuhi angempelekea salio la cherehani.

Ila mlangoni hapakuwa na mtu. Nafula alikuwa ameondoka.

Siku ya Jumatatu hakuja na kioo. Jumanne hakuja. Ndengu zilitokea nyeusi kama makaa, na Kavinya hakuziweka kwenye blogu. Badala yake aliandika taarifa mpya, yenye kurasa zote tatu, akaeleza juu kabisa kwamba ile ya kwanza ilikuwa na makosa. Wasomaji wachache waliondoka. Mmoja aliandika: "Sasa ndiyo nimeelewa kazi yenyewe."

Jumatano saa kumi na moja mlango ukagongwa. Nafula alisimama pale, kioo kwapani, bado amenuna kidogo.

"Nimesoma," alisema. "Umeniandika, lakini bei hukuweka."

"Sikujua ni ngapi. Kioo ni chako."

Nafula alimwangalia, akamwangalia Nyanya Kaluki aliyekuwa akichambua ndengu. "Smokie moja kwa kila picha. Na pesa za matangazo zikifika, tutahesabu pamoja."

"Andika," Nyanya akasema, na Kavinya akaandika. Nyanya akatupa kijiwe nje ya ungo. "Mjukuu wangu, aliyekulipia bando amelipa, na aliyekushikia kioo amelipa. Ukiwaacha nje ya hesabu, unajidanganya wewe kwanza, kisha unamdanganya anayekuamini. Waandike wote. Hapo ndipo utajua umepata nini, na ni nani wa kumshukuru."

Nafula alienda dirishani na kuinua kioo. Kutoka ghorofa ya pili ilisikika cherehani ikianza, ikisimama, ikianza tena, kama mtu anayejifunza kutembea.

"Usipumue," Kavinya akasema.

"Hiyo," Nafula akajibu, "ni smokie mbili."