Kidani cha Yemeni

Mchana wa Jumanne njuga za Kihindi zilizotundikwa ukutani zililia, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Hajara, muuza vitenge wa Nyamwamba mjini Kasese, hakujali. Mapambo ya Asia yalikuwa yamemjaa nyumbani: bangili za Rajasthani, hereni za Afuganistani, pete za Omani. Wenzake walinunua viwanja, yeye alinunua bangili, na kucheka walimcheka. Juzi tu, sokoni Bwera, mpakani na Kongo, Kaswera wa Butembo alimuuzia kidani cha fedha cha Yemeni chenye kikasha chembamba kinachoning'inia katikati.

"Mama mwenye alikuwa nayo hakuitoshaka ku shingo hata wakati ya kulala," Kaswera alimwambia.

Hajara alikuwa na mtindo wake: kila pambo jipya lilichemshwa kwa sabuni na ndimu. Alipokifungua kikasha asubuhi ile ya Jumanne alikuta karatasi ya maandishi ya Kiarabu. Hirizi. Yeye ni mtu wa swala tano, mambo hayo hayataki. Akaitia kwenye makaa ya sigiri bila kuisoma.

Tangu hapo nyumba ikanuka nywele zilizoungua. Jumatano binti yake wa miaka sita, Nasifah, aliamka na bangili ya mtu mzima mkononi, imembana. Alhamisi zilikuwa tatu, na njuga miguuni, na sabuni haikuzitoa wala mafuta, na mtoto akawa haongei, anajitazama tu kiooni huku njuga zikilia na miguu yake imetulia, mpaka Hajara akaona kabisa kwamba mwanawe anachukuliwa, akakimbia kumwita Shehe Umaru.

"Karatasi iko wapi?" Shehe aliuliza.

"Nilichoma."

"Ilikuwa na jina ya nani?"

"Sikusoma, Shehe."

Umaru akaandika nyingine kama hirizi zinavyoandikwa, jina la mtoto na la mama yake: Nasifah binti Hajara. Akaitia kikashani, akaziba kwa nta. Bangili zote zikaanguka sakafuni. Hajara alilia kwa furaha.

Shehe alipoondoka, mtoto alishusha hereni za Afuganistani ukutani, akazivaa. Masikio ya Nasifah hayajawahi kutobolewa.

"Nasifah?" Hajara alinong'ona.

"Huyo mumefunga." Mtoto alikuwa anajivika kidani shingoni. "Ile ulichoma ndiyo ilikuwa na jina yangu."

Hajara akaushika mnyororo, akavuta kwa nguvu zake zote. Haukutoka. Ndani ya kikasha kitu kikagonga polepole.

"Mama," sauti ndogo ikasema, "huku iko giza."