Viatu Mlangoni kwa Bi Nurjehan

Siku ambayo meli ya kitalii imetia nanga, lango la bandari ya Malindi, Unguja, huwa halina mwenyewe. Madereva wa teksi, wauza kofia za ukindu, wauza vifuko vya karafuu, waongoza watalii wenye vitambulisho na mapapasi wasio navyo, wote husukumana mahali pamoja na kila mmoja hujiona ndiye aliyetangulia. Kheir alikuwa katika wenye vitambulisho. Alikivaa chake shingoni juu ya shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na miguuni alikuwa na makubadhi ya ngozi aliyonunuliwa na ami yake kule kwao Tumbatu. Asubuhi hiyo alikuwa akinyoosha shingo kuwatafuta abiria wake, akamkanyaga mtu.

"Samahani, dada."

"Hukuuona mguu, au hukumwona mtu?"

Kheir akageuka. Msichana wa Kihindi alisimama mbele yake ndani ya rida, lile vazi la Kibohora la vipande viwili, la rangi ya kijani kilichopauka, lesi nyeupe pembezoni. Mdomo ulikuwa umenuna lakini macho yalikuwa yanacheka, na Kheir hakujua ajibu lipi kati ya hayo mawili.

"Nimeviona vyote, ila nimechelewa kuviona."

"Basi omba radhi tena. Ile ya kwanza haikuingia."

Aliiomba tena, taratibu, na msichana akamwambia bila ya kuulizwa kwamba anaitwa Masuma binti Tayabali, muuza misumari na mabomba wa Mkunazini, na kwamba amemfuata shangazi yake. Abiria walitoka makundi kwa makundi, wekundu kwa jua. Walipokwisha wote na lango likatulia, ndipo akatoka bibi mmoja mwembamba, raba nyeupe miguuni, kikapu mkononi, anatembea kama aliyekuja kukagua mji.

"Shangazi Nurjehan, tumeganda hapa."

"Mgeni wa meli ndiye anayeshuka na kundi la kwanza," alisema bibi yule. "Mie nimekunywa chai yangu, nimewaacha wagombanie ngazi. Na huyu nani?"

"Kanikanyaga."

"Basi na abebe mzigo."

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Weye papasi?"

"Mie muongoza watalii, Bi. Nna kitambulisho."

"Nakiona. Hata meli imekiona."

Kheir akabeba masanduku mpaka mtaa wa Kiponda na abiria wake wakachukuliwa na papasi, wala hakujuta. Njiani Bi Nurjehan hakunyamaza. Tangu afe mumewe amekuwa akipanda meli kila msimu, na alikuwa na wosia kwa kila jambo. Chumba cha melini kichukue katikati na chini, kwa sababu tumboni mwa meli hakuyumbi. Siku ya kwanza usijaze sahani, chakula hakiendi popote. Saa ifuate ya meli, simu yako itakudanganya. Tangawizi iwe mfukoni kabla ya bahari kuchafuka, si baada yake. Na sanduku likishachukuliwa bandarini huenda usilione mpaka jioni, kwa hiyo kile usichoweza kulala bila ya kuwa nacho kitie kwenye kikapu, ukibebe mwenyewe.

"Na meli yenyewe ikoje, Bi?" aliuliza Kheir.

"Nzuri. Kila kitu kinang'aa." Bi Nurjehan alihamishia kikapu mkono wa pili. "Lakini meza ya mtu mmoja haina utamu, hata wakuwekee kamba mkubwa kama mkono."

Nyumba ya Kiponda ilikuwa ya urithi, kubwa na tupu. Bi Nurjehan aliamua kukaa hapo mpaka mwisho wa msimu, na Masuma akahamia ili asimwache peke yake. Kheir naye, ambaye njia yake ya kwenda bandarini haikupata kupita Kiponda, sasa ilipita. Alikunywa kahawa kwenye baraza ya Mudrik muuza kahawa, mkabala na mlango ule, na Masuma alitokeza dirishani akajifanya anatazama mvua siku ambazo hakukuwa na wingu. Mengine yote yakahamia kwenye simu.

"Ushakula?"

"Nshakula. Weye?"

"Mie nnakula sauti yako."

"Basi utakonda, Kheir. Na mie sitaki mtu mwembamba."

"Unataka mtu gani?"

"Anayeangalia anapokanyaga."

Walipendana, na walipendana kwelikweli. Ndipo mambo yakafika kwa Tayabali. Muhindi wa mjini kumwozesha Mtumbatu si jambo la kila siku, na Tayabali alikohoa sana kabla ya kusema. Alisema hivi: wazee wa kijana waje Ijumaa baada ya sala, atawasikiliza. Wasipokuja, basi Masuma atapanda meli pamoja na shangazi yake, Shelisheli kisha Mombasa, na huko Mombasa yuko binamu yake Fayaz, ambaye mama yake ameshamuulizia Masuma zaidi ya mara moja. Kheir aliposikia habari ile alimpigia Ami Silima papo hapo, na ami akaahidi kuvuka na wenzake, kanzu zimepigwa pasi.

Siku mbili kabla ya Ijumaa, Kheir akapita Kiponda asubuhi na kuukuta mlango mkubwa, ambao kila akipita huukuta umefungwa, umefunguliwa kuingiza upepo. Ndani ya ukumbi, kwenye mkeka, mbele ya mlango wa pili, palikuwa na viatu vya kiume. Vikubwa, vya ngozi ya hudhurungi, vimepakwa rangi vizuri. Kamba ya kimoja ilikuwa ya hudhurungi na ya kingine nyeusi.

Unguja viatu vya mlangoni husema kabla ya mwenyewe. Ukivikuta vya kiume mbele ya nyumba ya wanawake, hubishi hodi, unarudi ulikotoka, na kesho huulizi. Kheir alirudi mpaka barazani kwa Mudrik, akakaa, akapiga simu.

"Naam, kipenzi," aliitika Masuma.

"Nyumbani mpo na nani?"

"Mie na shangazi. Kwani?"

"Wawili tu?"

"Wawili tu. Umekuwa karani wa sensa?"

Kheir aliviangalia viatu. Vilikuwa palepale. "Hapana," alisema. "Nimeuliza tu."

Alimgeukia Mudrik. "Viatu vile vya nani?"

"Mie naviona toka walipohamia," Mudrik alimimina kahawa bila ya kutazama. "Mlango ukiwa wazi navyo vipo. Mwenyewe sijapata kumwona. Labda mtu wa kulala sana."

Kesho yake vikawa vipo tena, na Kheir akachanganyikiwa kabisa. Kama Fayaz amekuja, mbona Masuma anaitika kipenzi? Na kama hakuja, viatu vimekujaje? Angekuwa anamdanganya, sauti si ingetetereka? Lakini hakuwa akidanganya, alikuwa anacheka. Au ndivyo wanavyodanganya watu wa mjini, kwa kicheko? Siku hiyo aliwasimamisha watalii mbele ya Ngome Kongwe akawaambia ni hamamu la wafalme, nao wakapiga picha. Alipotanabahi walikuwa wameshafika Forodhani, na hakuwa na nguvu za kuwarudisha.

Jioni alimpigia ami yake.

"Ami, wazee wasije kesho."

"Kwa nini, mwanangu? Watu washajitayarisha."

"Subirini kwanza."

"Tusubiri nini?"

Kheir akasema mtandao unakatika.

Ijumaa ilipita, na kabla ya isha simu ikalia.

"Kheir, wazee wamepotea njia?"

"Fayaz yupo Unguja?"

"Fayaz? Fayaz yuko Mombasa."

"Una hakika?"

"Baba kafunga duka mapema," Masuma alisema polepole, na sauti safari hii ilitetereka. "Kakaa na kanzu yake na kofia yake ya nyuzi za dhahabu mpaka magharibi. Sambusa tumewapa majirani. Na weye unaniuliza Fayaz?"

"Basi mie sielewi."

"Hata mie sielewi. Tofauti yetu ni kuwa mie nimeaibika mbele ya baba yangu, weye hujaaibika. Kama hunitaki ungelisema. Nisingelikufa."

Akakata. Kheir alibaki na simu sikioni, moyo unamwambia mpigie, viatu vinamwambia una wazimu. Akavisikiliza viatu. Siku zilizofuata Masuma hakupiga, na dirisha la Kiponda lilifungwa hata kulipokucha vizuri.

Meli ikaja. Kheir alikuwa langoni kwa sababu ndiyo kazi yake, na kwa sababu hakuweza kuwa mahali pengine. Alimwona Masuma akishuka teksini ndani ya rida ya buluu, macho yamevimba. Wachukuzi walikwishachukua sanduku lake na masanduku ya shangazi kuyapeleka melini. Alimwona Kheir, akageuza uso.

Bi Nurjehan hakugeuza. "Weye. Njoo ushike kikapu nitafute paspoti. Sikuiti kwa mapenzi, nakuita kwa kuwa una mikono."

Kheir alikishika. Juu ya kikapu, ndani ya mfuko wa nailoni, palikuwa na viatu vya hudhurungi. Kamba moja hudhurungi, nyingine nyeusi. Alihisi bandari nzima imekaa kimya, ijapokuwa watu walikuwa wakipiga kelele kama kawaida.

"Bi Nurjehan, hivi viatu vya nani?"

"Vya marehemu mume wangu."

"Vinafanya nini humu?"

"Kikapu nilikwambia cha nini? Usichoweza kulala bila ya kuwa nacho." Bi Nurjehan aliendelea kupekua mkoba. "Mwanamke anayesafiri peke yake anaweka viatu vya kiume nje ya mlango. Mwizi akiviona anapita. Mlevi anapita. Na wale mabwana wapweke wa melini, nao wanapita. Kiponda tulikuwa wanawake wawili kwenye nyumba ile kubwa, nikaviweka. Havijaniangusha bandari hata moja."

Kheir alikaa juu ya mkokoteni wa mizigo. "Vimekuangusha Unguja, Bi."

Masuma alikuwa ameshasogea. "Unasemaje?"

"Nilivikuta ukumbini. Nikakuuliza mpo na nani, ukasema wawili tu, na mie naviona kwa macho yangu."

"Si tulikuwa wawili."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Mtu anaviulizaje viatu vya mlangoni kwa watu?"

"Kwa mdomo, Kheir. Kwa mdomo huohuo unaowadanganyia watalii." Alilia, akakasirika kwa kuwa analia, kisha akacheka kidogo kwa hasira. "Baba yangu kakaa na kofia yake kwa ajili ya viatu vya marehemu mume wa shangazi."

"Nimekosa," alisema Kheir. "Nakupenda na nimekukosea. Nilikudhania uwongo na uwongo ulikuwa kwenye kichwa changu. Usipande, Masuma. Ukipanda, sitokulaumu, lakini usipande."

Honi ya meli ikalia. Masuma alitazama kule ilikokwenda mizigo.

"Sanduku langu lishakwenda. Rida zangu zote za maana zimo humo."

"Sanduku si mtu," alisema Bi Nurjehan. "Likazunguke, litarudi kutoka Mombasa. Kikapuni mwako una nini?"

"Mswaki, dawa ya kichwa na ile rida ya kijani."

"Basi una kila kitu. Nilikwambia mie." Alitoa simu. "Tayabali? Naam, dada yako. Mtoto anarudi nyumbani. Nitakueleza. Hapana, hajaugua, wamechanganyikiwa tu wote wawili. Na ile kofia usiitie kabatini."

Masuma akamnyooshea Kheir mkono. "Nipe simu yako."

"Ya nini?"

"Mpigie Ami Silima sasa hivi, wazee waje Ijumaa. Halafu nitakaa nayo mie mpaka Ijumaa ipite. Usije ukapata mtandao wa kuwaahirisha."

Kheir alipiga, akaongea, akakabidhi simu. Bi Nurjehan alivitoa viatu kwenye mfuko, akapitisha kidole juu ya ile kamba nyeusi.

"Hii ilikatika Kochi kule India, nikamtilia nyingine ya haraka, akacheka mwaka mzima," alisema. "Chukua. Vimefukuza wezi kwa miaka, sasa vimeanza kufukuza wakwe. Na vivae, usiviweke tu."

"Na weye utaweka nini mlangoni, Bi?"

Bi Nurjehan akaiangalia miguu ya Kheir. Kheir akavua makubadhi, akayapangusa kwa leso, akampa kwa mikono miwili.

"Madogo," alisema Bi Nurjehan. "Haya, watadhani nina mume mfupi."

Akayatia kikapuni na kwenda zake peke yake, bila ya kugeuka nyuma. Kheir alirudi mjini akiburura viatu vikubwa vilivyopiga makofi kila hatua, Masuma pembeni yake anacheka mpaka watu wa Darajani wakageuka kutazama.

Ijumaa, kwa kuwa muoaji haendi kuposa mwenyewe, Kheir alikaa barazani mkabala na nyumba ya Tayabali, hana simu, mikono haijui ikae wapi. Mlangoni vilipangwa viatu vya wazee wa Tumbatu, makubadhi na ndara za kila rangi, na kila aliyepita alivitazama akajua kuna nini ndani. Wazee walikawia. Kheir aliviangalia viatu vile, safari hii akiviombea visiondoke upesi.

Kisha Masuma akatoka kizingitini, rida ya kijani, ile ya siku ya kwanza, akavuka njia na kumpa simu yake. "Wameshasoma fatiha," alisema. "Baba analia, anasema ni moshi wa udi. Na shangazi kaleta ujumbe wa sauti, sikiliza."

Sauti ya Bi Nurjehan ilikuja na upepo wa bahari nyuma yake. "Makubadhi nimeyaweka nje ya mlango na nimelala salama. Asubuhi mhudumu kaniuliza, bwana mwenye viatu hivi mbona hatumwoni mezani? Nimemwambia kabaki Unguja, anaoa."