Na Vyote Vilivyomo

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mwenye kibanda cha biashara Singida mjini aliota nyumba ya kupangisha. Majidi muuza vitunguu naye hakutaka kubaki nyuma. Ila tuseme ukweli jamani, yeye hakuwa na tamaa ya utajiri. Alitaka mama yake, Bi Mosi, asiambiwe tena na mwenye nyumba, "Bibi, hama." Neno hilo alikuwa akiambiwa tangu Majidi ananyonya. Sasa alipata nyumba ya vyumba sita: mbele wakae wao, nyuma wapangaji. Hapo ndipo angeanzia.

Muuzaji alikuwa mzee Antipasi, aliyefiwa na mke, anarudi kwao Mgori. Walikabidhiana asubuhi yenye jua zuri, majirani wawili wakiwa mashahidi, chai ya rangi na maandazi mbele yao. Sasa Majidi alikuwa mjanja wa sokoni. Alishasikia habari za watu walionunua nyumba, kesho yake wakakuta milango imeng'olewa na bati zimeezuliwa. Hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Mzee wangu, tuelewane mbele ya mashahidi," akasema. "Nanunua nyumba na vyote vilivyomo."

Antipasi akaweka kikombe chini. "Vyote?"

"Vyote, mzee."

"Na waliomo?"

Majidi akaangua kicheko. "Na waliomo! Hata panya niachie!"

Watu wakacheka, mzee hakucheka. Machozi yalimtoka, akaomba kwanza akaage chumba cha mwisho kule uani. Majidi alimwona ameegemeza kiganja ukutani, ananong'ona, "Luciana, nisamehe." Luciana alikuwa marehemu mkewe, kwa hiyo kila mtu alidhani ni uchungu wa msiba.

Walipohamia, Bi Mosi alimshika mwanawe shavu kwa mkono wa kushoto, ule wenye vidole vinne. Kidole chake kidogo kilikwenda na panga utotoni. "Majidi, sasa sihamishwi tena," akasema, akalia kwa furaha.

Wapangaji wakaanza kuja, wa kwanza akiwa mwalimu Rahel. Chumba cha mwisho Majidi alikifunga, hakikuwa kimepakwa chokaa bado. Mchana mmoja Rahel akamwambia, "Baba mwenye nyumba, mama yako ana roho nzuri. Kanianulia nguo zangu kabla mvua haijanyesha."

"Mama yupi? Mama yuko Kinampanda msibani."

"Yule wa chumba cha mwisho. Kasema yeye ndiye mama wa mwenye nyumba."

Majidi akaenda kufungua. Kufuli ilikuwa na kutu, ilimtoa jasho. Ndani hamkuwa na kitu. Ila sakafu ilikuwa imefagiwa.

Bi Mosi aliporudi kutoka msibani, Rahel alimkuta mlangoni. "Bibi, shikamoo. Unamtafuta nani humu?"

Bi Mosi akacheka, akidhani ni utani. Mpangaji wa pili akauliza vivyo hivyo. Kesho yake wakauliza tena, kama hawajapata kumwona. Bi Mosi akaanza kukaa ndani. Sauti yake ikafifia, ikawa ya kuinamia ndipo uisikie.

"Mwanangu, tuhame," akanong'ona.

"Mama, hii ni nyumba yako. Nani wa kukuhamisha?"

Masikini Majidi. Alisema hivyo kwa mapenzi.

Ijumaa moja alitoka msikitini, akamkuta mama yake mkekani anakatakata vitunguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu!"

Sauti nzima. Nguvu tele. Majidi akashukuru Mungu. Kisha akauangalia mkono ulioshika kitunguu.

Vidole vitano.

Akatafuta chumba hadi chumba, akiita. Wapangaji wakamshangaa. "Mama yako si huyo hapo?" Akaleta shehe. Shehe akasoma, na yule mkekani akaitikia "Amina" kabla ya wote. Majidi akakimbilia Mgori, akamkuta Antipasi anapalilia.

"Mzee, nirudishie mama yangu!"

Antipasi hakuinua macho. "Nilikuuliza mara mbili, kijana. Ukasema hata panya."

Mwaka uliofuata akaja mnunuzi, Zefania, kijana muuza alizeti. Akakagua kuta, akagonga milango, akaipenda. Naye alikuwa mjanja.

"Kaka, bati zisije zikaezuliwa. Nanunua na vyote vilivyomo. Sawa?"

Majidi akafungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, "sawa," na angetoka mtu huru. Jikoni, kisu kikaacha kukata. Majidi akatazama chumba cha mwisho, akaelewa machozi ya Antipasi, aliyemwacha Luciana humo.

"Siuzi," akasema.

Majidi yumo humo mpaka leo. Kila asubuhi anatoa shikamoo, anaitikiwa. Kisha anakwenda chumba cha mwisho na kujifungia. Chokaa imeshika ukuta wote isipokuwa mahali pawili. Pa kwanza pana alama ya kiganja iliyokauka zamani. Chini yake pana nyingine, bado mbichi, yenye vidole vinne. Majidi huweka mkono wake pale, na ukuta una joto.