Kilichomtapisha Hilda

Paa! Paa! Fimbo mbili zilipanda na kushuka juu ya maharage makavu yaliyotandazwa kwenye turubai. Moja ilikuwa mikononi mwa Hilda, msichana wa miaka kumi na mitatu. Nyingine aliishika Benedict, mdogo wa baba yake, ambaye alipura huku akipiga mluzi. Lilipofika pigo la kumi, Hilda alitupa fimbo, akakimbilia nyuma ya jiko na kutapika.

"Tena?" mama yake, Marieta, aliuliza kutoka mlangoni.

"Uvivu tu huo, shemeji," Benedict alicheka. "Mwambie maharage yamekwisha, utaona anapona sasa hivi."

Hilda alisukutua mdomo bila kumtazama. Siku hizi akimtazama baba yake mdogo, mate yalimjaa mdomoni kama mtu aliyekuta nzi kwenye uji.

Ilianza wiki mbili zilizopita. Ng'ombe waliingia kwenye mahindi hapo kijijini kwao, Gendabi, na wanaume wakamkamata mchungaji, kijana aitwaye Gidabuday, yule aliyekuwa akiwaletea maziwa kila asubuhi. Hilda alikuwa akipita na ndoo ya maji. Alimwona Gidabuday akiinua mikono, kisha akilala chini, na fimbo zikaendelea kumshukia. Watu walishangilia. Mmoja alirekodi kwa simu. Benedict alikuwa mbele kabisa. Mpaka leo Gidabuday amelazwa hospitali, mkono umevunjika.

Lakini kilichomkaa Hilda zaidi ni chakula cha jioni ile. Benedict alikuja na damu imekauka pembeni mwa kucha. Akamega ugali kwa mkono huo huo, akachovya kwenye mboga ya wote, akasema huku akitafuna, "Alilia kama ndama!" Tangu hapo Hilda alishindwa kula na wenzake. Usiku alishtuka usingizini.

Kesho yake baada ya kutapika nyuma ya jiko, shuleni, Patriki wa darasa lake alikuja na simu ya kaka yake. "Njooni muone sinema ya Gendabi!" Wanafunzi wakasongamana wakicheka. Sauti ikatoka kwenye simu: paa, paa. Hilda akatapika pale pale, chini ya dirisha la darasa.

"Eh! Mama kijacho huyo!" Patriki alipaza sauti.

Maneno hayo yalifika kwa Marieta kabla Hilda hajafika nyumbani. Hakugomba. Asubuhi alijifunga kanga, akampeleka binti yake zahanati.

"Shikamoo, nesi," Hilda alisalimia.

"Marahaba, mwanangu." Nesi Perpetua alipima malaria, hakuona kitu. Akapima mkojo. "Hana mimba," alimwambia Marieta waziwazi. Marieta aliketi kwenye benchi kwa kishindo, kama gunia lililotuliwa. Nesi akamwomba asubiri nje.

"Kichefuchefu kinaanza ukiwa unafanya nini, Hilda?"

"Nikipura maharage. Nikisikia fimbo."

Nesi aliweka kalamu chini. "Uliisikia wapi tena fimbo?"

Hilda alieleza yote. Alipofika kwenye ugali, alilia. "Nampenda baba mdogo, lakini namwonea kinyaa. Mimi ni mtoto mbaya?"

"Hapana. Ulichokiona kinatia kinyaa. Kama ungekifurahia, hapo ndipo ningeogopa."

Kisha akamwita Marieta. "Mtoto si mvivu, wala hajarogwa. Aliona ukatili, akakaa nao peke yake wiki mbili. Haya ni maumivu ya kweli, na yana tiba. Msikilizeni, msimlazimishe kupura kwa sasa. Mlete kila Ijumaa tuzungumze. Hiyo video, nitampigia simu mwalimu wake leo."

Walipofika nyumbani, Benedict alikuwa akipura. Marieta aliishika fimbo yake ikiwa juu. "Weka chini. Hilda ana neno."

"Baba mdogo," Hilda alisema, "Gidabuday alikuwa ameshalala chini. Ukampiga tena. Halafu ukaja kula na sisi."

"Ng'ombe walimaliza shamba! Na sikuwa peke yangu."

"Mimi nilikuona wewe."

Benedict aliweka fimbo chini. Akakaa kwenye maganda. "Sikujua kama ulikuwepo."

"Asingekuwepo, ingekuwa sawa?" Marieta aliuliza.

Benedict alitazama kucha zake. Akasema, "Kesho nitaenda kwa mtendaji wa kijiji. Nitasema nilichofanya."

"Utaenda na kaka yako, baba Hilda, usije ukarudia njiani. Leo kaa upukuchue kwa vidole, kama sisi," Marieta alisema.

Kazi ilikwenda polepole. Hilda alikaa upande wa mama yake, mbali na Benedict. Kinyaa hakikuwa kimekwisha, lakini tumbo lilitulia. Aliomba uji, akanywa nusu kikombe.

"Nilidhani anayeumia ni yule aliyepigwa tu," Marieta alisema. "Nilikosea. Mtoto anayetazama naye huumia, na asipopata wa kumwambia, huugua. Jambo likikukaa rohoni, Hilda, sema. Likimhusu mtu wa nyumba hii, sema haraka zaidi."

Jua liliposhuka, rundo lilikuwa bado kubwa. Marieta alikunja turubai juu ya maharage, akaweka mawe pembeni.

"Inatosha," alisema. "Yaliyobaki ni ya kesho."